Bado Mashewa

Niseme mapema, nisije nikaonekana mtu wa maana halafu nikaharibu huko mbele: mimi nimewahi kushindana na mama yangu mzazi kwenye mnada, nikamshinda. Na baada ya kumshinda, yeye keshanyamaza zamani, nikaendelea kupandisha bei peke yangu, kama jogoo anayepigana na kivuli chake kwenye kioo, mpaka kadi ya laki tano nikainunua kwa laki tano na elfu ishirini. Handeni nzima inajua. Ukishuka stendi ukaulizia muuza chipsi, utaulizwa, "Yule aliyenunua hela kwa hela nyingi zaidi?" Ndiyo, huyo huyo. Karibu, chipsi mayai zipo.

Ila leo sitaki kujisema mimi, nimeshasemwa vya kutosha. Nataka kumsema Dalali, aliyeuendesha ule mnada. Jina lake analo, na wengi tunalijua, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Hata mkewe alikuwa anaita kutoka jikoni, "Dalali, chai inapoa." Naye anajibu, "Naja," halafu haji.

Nilimjua nilipoacha shule. Shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe sikukimaliza, nilikionja tu. Nikaweka karai la mafuta pembeni ya mnada wa mbuzi, nikaanza kukaanga. Yeye ndiye alikuwa sauti ya ule mnada. Mrefu, mkavu, koti la kaki mwaka mzima hata jua likiwa la kupasua midomo, na fimbo fupi nyeusi ambayo hakuwahi kumchapa nayo mnyama. Kazi ya ile fimbo ilikuwa moja: bei ikifika mwisho anagonga kwenye nguzo ya zizi, ko, ko, ko, anasema, "Nimeuza." Baada ya hapo hata uje na mkuu wa wilaya, mbuzi si wako.

Akimsifia mbuzi utadhani anamposea mwanawe. "Tazama miguu hiyo! Huyu hakuzaliwa, huyu kachongwa! Mama, usimwangalie mbuzi wangu kwa jicho hilo kama huna hela, utamtia homa!" Watu walikuwa wanakuja mnadani bila nia ya kununua kitu, wanakuja kusikiliza tu, na mimi nawauzia chipsi. Nusu ya wateja wangu wa mwanzo niliwapata kwa mdomo wa Dalali.

Lakini nyumbani kwake alikuwa bubu. Ukimtembelea anakuonyesha kiti kwa kidevu. Ukimwambia habari ya msiba, anatikisa kichwa. Ukimwambia habari ya harusi, anatikisa vile vile. Mkewe ndiye aliyekuwa anaongea kwa niaba ya nyumba nzima, na siku moja aliniambia, "Mwanangu, huyu maneno yote anayauza Jumamosi. Sisi tunabaki na magunia matupu." Dalali alikuwepo pale pale, akatikisa kichwa kukubali.

Sasa hizi kadi. Binti yake anafanya kazi Dar, na sikukuu moja ya Idi akamtumia kadi ya zawadi. Kwa asiyezijua, ni kadi ya plastiki, ndogo kama ya benki. Ndani yake kumewekwa hela, ila hela hiyo huwezi kuitoa. Unakwenda nayo kwenye duka lililoitengeneza, unachukua vitu vya thamani hiyo, basi. Nyuma ina namba zimefunikwa, za kukwangua kama vocha. Duka lenyewe lilikuwa Dar. Nauli ya kwenda na kurudi ingekula karibu nusu ya zawadi, na iliyobaki angenunua nini, sabuni? "Mwanangu kanizawadia safari," alisema, "safari ya kulipia mwenyewe."

Jumamosi ile, mbuzi mmoja keshauzwa na mwingine hajaletwa, Dalali akachomoa ile kadi mfukoni, akainyanyua juu. "Huyu hali majani! Hana kupe! Hajawahi kuharisha! Laki moja iko tumboni mwake, nani ananipa sabini?" Watu wakacheka, ila mama mmoja muuza vitenge, ambaye kila mara anakwenda Dar kufuata mzigo, hakucheka. Alipiga hesabu, akasema themanini. Ko, ko, ko. Mama kapata kadi ya laki kwa themanini, Dalali kapata themanini bila kupanda basi.

Kumbe watu wengi walikuwa na kadi hizo zinaoza kabatini. Walimu walioagwa walipostaafu, maharusi, watu wa maofisini, wazazi wenye watoto Dar na Tanga. Duka la nguo, duka la vyombo, duka la vifaa vya ujenzi. Wakaanza kumletea. Akawa ananadi mbuzi wawili, kadi moja. Magoti yalipoanza kumsumbua akawaachia wengine mbuzi, akahamisha mnada wa kadi kwenye simu: kundi la wasap, Handeni na Korogwe pamoja, kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Magoti yakapumzika, mdomo ukaendelea.

Kwenye lile kundi alikuwa anaongea yeye tu. Sisi wengine bei tunamtumia yeye pembeni, kwa siri, yeye anatangaza kwa sauti. Na hakutangaza jina. Kila mtu alimpa namba kufuatana na anakokaa. Mimi nilikuwa Handeni Saba. Kulikuwa na Korogwe Tatu, Mashewa Mbili, na mstaafu mmoja mbahili anaitwa Magoma Moja, ambaye hata kama mnapanda kwa elfu kumikumi yeye anaongeza mia tano.

Hiyo ya kuficha majina ilikuwa na sababu yake, naye alitueleza siku ya kwanza. Kule kwenye mbuzi, watu walikuwa wanashindana vizuri, wamenoga, mara mmoja anageuka anamwona mkwewe naye kanyoosha mkono. Basi, kwisha. Anashusha macho, anashusha mkono, anajifanya amekuja kununua ndizi. Kwetu huwezi kubishana bei na mkweo mbele za watu, wala na mzee, wala na mwalimu aliyekufundisha. Mbuzi mzuri anaondoka kwa bei ya kuku, na mwenye mbuzi, aliyekuja kutafuta ada ya mtoto, anabaki anamwangalia Dalali. "Heshima yenu nzuri," alisema kwenye ile sauti aliyoturushia, "lakini analipia mwingine. Hapa kwangu hakuna baba, hakuna mama, hakuna mkwe. Kuna Handeni, kuna Korogwe, kuna Magoma, kuna Mashewa." Sikujua kwamba maneno yale yalikuwa yananitafuta mimi.

Sheria hiyo aliishika mpaka ikawa inachekesha. Kuna bwana mmoja alinunua kadi kwa Dalali, alipopewa mkononi akaigeuza, akaona doa la wino pembeni. Doa lile alilitia mwenyewe. Ilikuwa kadi aliyomzawadia mpwa wake siku ya harusi, kasimama mbele za watu, kapigiwa vigelegele. Akawaka. "Dalali, nani kauza hii?"

"Mwenye nayo."

"Mwenye nayo nani?"

"Kadi ya laki umeipata kwa themanini na tano. Unalalamika nini? Kazawadie tena."

Na kweli alikwenda kuizawadia tena, harusi nyingine.

Kila kadi kabla ya kunadiwa ililala kwanza nyumbani kwake, kwenye kopo la maziwa ya unga. Alikuwa anaipokea kama anavyopokea mbuzi: anaigeuza, anaipeleka kwenye mwanga, anapitisha kidole gumba pale penye namba. Anaita kuangalia meno. "Meno yake mazima," anasema, maana yake haijakwanguliwa. Halafu mnunuzi akija anapiga simu dukani mbele yake, sauti nje, wote wawili mnasikia hela iliyomo.

Desturi hiyo ya meno ilianza baada ya yeye kuumwa na kadi moja. Mwanzoni kuna mtu alimletea kadi iliyokwisha kutumika, kaikwangua akairudishia utando kwa gundi. Mnunuzi, mama wa Magoma, kafika Tanga, kaambiwa kadi yake haina kitu. Dalali hakubishana naye. Alimchukua mbuzi wake mwenyewe, jike zuri, akampeleka mnadani auzwe amlipe mama. Sasa ikabidi anadiwe na dalali mwingine, kijana aliyemrithi. Yule kijana akaanza, "Mbuzi huyu ni mzuri…" Dalali akavumilia. "Ana afya…" Akavumilia. "Bei ianzie…" Akashindwa. Akamnyang'anya fimbo. "Mbuzi wangu hawezi kusemwa kama taarifa ya habari! Tazama miguu hiyo!" Akamuuza mwenyewe, kwa bei ya juu kuliko mbuzi wote wa siku ile, akatuma hela Magoma, akarudi nyumbani kutikisa kichwa.

Sasa kile kitu ambacho watu wanamkumbukia zaidi. Mashewa mtandao unakuja ukijisikia. Wenyewe wana kilima kidogo nyuma ya vibanda, mtu akitaka kupiga simu anakipanda, anasimama anageuka huku na huku mpaka apate. Kwa hiyo bei ikishafika mwisho, Handeni wote tumemaliza, Korogwe wamemaliza, tunasubiri kusikia fimbo, Dalali anarusha sauti: "Bado Mashewa." Mnasubiri. Mbuzi wa jirani analia kwa nyuma. Anarusha nyingine: "Bado Mashewa, jamani. Wanapanda." Watu wa mjini walikuwa wanachukia. Mmoja alimwandikia, afunge tu, watu wa Mashewa saa hizi wako shambani. Akajibu mbele ya kundi zima, "Wataweka jembe chini waje."

Mtu huyu, ambaye mkewe akichelewesha chakula kidogo tu anaanza kugonga sahani, ambaye basi likichelewa kuondoka anashuka anakwenda kwa miguu, angeweza kukaa na simu mkononi akiisubiri Mashewa mpaka jua likaribie kuzama. Neno likaingia mitaani. Harusini pilau likichelewa, watu wanasema bado Mashewa. Ukimdai mtu, anakujibu bado Mashewa. Mke wa rafiki yangu Mhina, bodaboda, alipopitisha siku zake za kujifungua, Mhina alikuwa anatujibu kila asubuhi, "Bado Mashewa."

Mama yangu anakaa Mashewa. Nyumba yake ina mabati ya zamani aliyoyaacha baba, kutu imeyala mpaka ukilala chali mchana unaona mawingu yakipita. Masika akipika jikoni sufuria zinakuwa hazitoshi, maana nyingine ziko chumbani zinakinga maji. Nilimwahidi mabati mwaka wa kwanza nilipoanza chipsi. Nikamwahidi na mwaka wa pili. Kila nikienda namtania, "Mama, wenzio wanalipa hela kulala hoteli ya kuona nyota." Anacheka, ila kicheko chake kilikuwa kinapungua mwaka hadi mwaka. Na mara ya mwisho hakucheka kabisa, alisogeza ndoo tu, akaniambia, "Pisha, unanikanyagia maji."

Hilo liliniingia. Nikaanza kuweka hela. Na mwezi mmoja kabla ya masika Dalali akatangaza kadi ya duka la vifaa vya ujenzi la Tanga, laki tano. Ukiipata kwa laki nne, au hata nne na kitu, umeokoa hela ya mbao. Nikasema hii ni yangu, mvua ya mwaka huu mama hakingi.

Jumamosi ikafika. Mimi niko kwenye karai, simu nimeiegesha kwenye chupa ya tomato. Magoma Moja akaanza na mia tano zake, akachoka. Korogwe Tatu akatoka. Tukabaki wawili. "Mashewa Mbili, laki tatu na themanini!" Nikatuma laki nne. "Handeni Saba, laki nne!" Kimya. "Bado Mashewa." Chipsi zikaanza kuwa nyekundu. "Mashewa Mbili, nne na ishirini!" Nikasema na moyo wangu, huyu nani? Nani Mashewa mwenye hela hizi? Lazima ni mwenye duka, anataka mabati akauze. Nikachukia kabisa. Mama yangu analowa, tajiri anataka mtaji! Nikatuma nne na arobaini. Akaja na nne na hamsini. Nikatuma nne na sitini.

Kimya.

"Bado Mashewa."

Mteja ananiambia, "Kaka, chipsi zinaungua." Namwambia subiri. Kichwani najua yule mtu anapanda kilima, anakuja na laki nne na tisini anizike. Nikasema nisimpe nafasi. Nikatuma mwenyewe nne na tisini.

Sauti ya Dalali ikaja, taratibu. "Handeni Saba anasema nne na tisini. Handeni Saba, pumua. Bado Mashewa."

Hilo neno pumua hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Ningekuwa na akili ningelishika. Mimi nikasikia tu "bado Mashewa", nikaona kabisa tajiri yuko kileleni anageuza simu kutafuta mtandao. Nikatuma laki tano na ishirini.

Safari hii hata mbuzi wa jirani alinyamaza. Halafu Dalali: "Ndugu yangu Handeni Saba. Unashindana na nani?" Akasubiri. Nami kwa ujinga na ushindi nikamjibu, "Funga!" Ko. Ko. Ko. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. "Nimeuza."

Chipsi zile niliwapa mbuzi. Walikataa.

Nilipokwenda kuchukua kadi, Dalali alikuwa kwenye ububu wake wa nyumbani. Akafungua kopo, akapiga simu dukani, tukasikia laki tano imo. Nilikuwa nimeshamtumia hela yote. Akanipa kadi, halafu akatoa elfu ishirini kwenye mfuko wa koti, akanisukumia kifuani.

"Ya nini, mzee?"

"Ongezea kwenye gari la kupeleka mabati Mashewa."

Nikashukuru, nikaondoka. Niko njiani ndiyo nikajiuliza: nimemwambia saa ngapi kuwa yanakwenda Mashewa? Nikasema basi, huyu mzee anajua kila kitu, na mama yangu yuko huko. Nikaacha.

Nilifika Mashewa juu ya fuso, nimekalia mabati kama mfalme wa bati. Mama alikuwa nje anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Hayo mabati ya nani unampelekea?"

"Yako."

Akaniangalia mimi, akamwangalia dereva, kama anamtafuta mwenye kusema kweli kati yetu. "Umeyaiba wapi?"

"Mama! Nimenunua kadi kwa Dalali, kwenye mnada wa simu."

Mikono yake ikasimama kwenye gunzi. "Mnada wa Dalali? Jumamosi ile? Kadi ya Tanga?"

"Ndiyo."

"Wewe ni Handeni ngapi?"

Nikajibu nikiwa bado juu ya gari. "Saba, mama."

Mama alikaa chini kwenye kinu kilicholala. Nikadhani anaumwa. Kumbe ni kicheko kinatafuta njia. "Ni wewe! Mwendawazimu ni wewe! Jirani! Njoo umwone Handeni Saba!" Jirani, ambaye simu yake ndiyo mama alikuwa anaitumia, akatoka mbio na mikono ina unga. "Huyu ndiye aliyenishinda," mama anamwambia, huku anajipangusa machozi na kanga. "Nimepanda kilima na mguu huu mbovu, kumbe nashindana na tumbo langu mwenyewe!"

Mama alikuwa amechoka kunisubiri. Kauza maharage, kauza machungwa, kaweka, kaamua kujiezekea. Hela yake ikanunua mbao na misumari na kumlipa fundi, na masika ilipokuja mvua ikapiga juu ya bati jipya. Sufuria zote zikarudi jikoni. Na jirani, kwa ile ile simu yake, akahakikisha Handeni wamepata habari kabla fuso halijageuza.

Dalali hakuwahi kuliongelea. Mimi nililiongelea sana, maana ukijicheka mwenyewe kwanza wenzako wanakosa cha kufanya. Lakini kwake nilipojaribu kumchokoza, "Dalali, mzee wangu, hivi ulikuwa unajua?" alinionyesha kiti kwa kidevu.

Miaka ikaenda. Mkewe akafariki, magoti yakazidi, binti yake mwingine akamchukua akakae naye Korogwe. Mnada akaufunga. Maduka yameacha kutengeneza kadi za plastiki, sasa hivi zawadi inaingia kwenye simu yako moja kwa moja, namba tu. Watu walimsihi aendelee, wakamwambia si ni rahisi zaidi? Alirusha sauti yake ya mwisho: "Siwezi kunadi mbuzi asiye na meno." Halafu tukasikia ko, ko, ko, bila bei yoyote.

Mwaka huu nilikwenda Korogwe kufuata viazi vinavyoshuka kutoka milimani. Napita na gunia, namwona kakaa kwenye benchi nje ya kwa fundi cherehani, koti lile lile la kaki, fimbo katikati ya magoti, simu ndogo ya tochi inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kapungua. Nikatua gunia.

"Shikamoo, Dalali."

Akanitazama muda. "Marahaba, Handeni Saba."

Nilishtuka. Namba ya mtu hakuwahi kuitaja mbele yake hata mara moja. Akaona nimeshtuka. "Mnada nimefunga," akasema. "Sasa naruhusiwa." Akasogea kunipa nafasi kwenye benchi, na yule bubu wa nyumbani akafungua mdomo. Labda ni kwa vile hana tena mtu wa kumsemea.

"Uliniuliza kama nilijua. Nilijua tangu bei ya kwanza."

"Ukaniacha?"

"Nikwambie nini? Ningekwambia ni mama yako, ungeacha. Ningemwambia ni mwanao, angeacha. Mngeachiana hivyo hivyo, Magoma Moja anaichukua kwa bei ya dagaa. Na mwenye kadi alikuwa na mgonjwa hospitali ya Bombo, anasubiri ile hela." Akachora chini kwa fimbo. "Lakini mwanangu, siku ile nilitaka kuivunja ile simu."

Nikacheka. "Basi ndiyo hivyo, nilimshinda mama yangu."

"Hukumshinda mtu."

"Mwenyewe anasema nilimshinda."

"Alikuwa na hela bado. Alikuwa nazo mpaka laki nne na themanini, aliniambia kabla." Akakohoa, halafu akaitoa sauti ya mama yangu, sawasawa, na ule mvuto wa Kishambaa mwishoni mwa maneno. Watu waliozoea kunadi wanashika sauti za watu. "'Dalali, huyu wa Handeni anavyohema kwenye bei, huyu ana shida kuliko mimi. Mimi maji yananidondokea, lakini nimeshazoea, najua pa kuweka ndoo. Mwachie. Ila usimwambie kama nimemwachia, asije akajisikia vibaya.'"

Fundi cherehani alikuwa ameacha kukanyaga mashine, anasikiliza.

"Ndiyo maana nilikaa nasema bado Mashewa," Dalali akasema. "Mtandao ulikuwepo siku ile. Nilikuwa namsubiri yeye abadilishe mawazo, au wewe unyamaze. Wote wawili mkakataa."

Mimi nina utani wa kila jambo, watu wa stendi watakuambia. Pale nilitafuta mmoja, sikuupata. Niliangalia gunia langu la viazi tu. Mwisho nikamwambia, "Mzee, nikuletee chai?" Akatikisa kichwa. Kwa Dalali hujui ni ndiyo au hapana, nikaenda nikaleta. Tukainywa, naye akaimaliza ikiwa bado ya moto. Nilipojitwika gunia kuondoka, akagonga benchi kwa fimbo, polepole, ko, ko, ko, akafumba macho kama anapumzika.

Kwenye gari nilimpigia mama.

"Mama, kwa nini uliniachia ile kadi?"

Kimya. Nikadhani mtandao. Halafu: "Nani kakwambia? Mimi mguu uliniuma nikashuka kilima. Viazi umepata?"

"Nimepata, mama."

"Haya. Usiviunguze."

Nilipofika Handeni nilimsimulia Mhina yote, jinsi ilivyo, bila kuchombeza. Alikuwa anafuta pikipiki yake na kitambaa. Akafuta tanki, akafuta taa, akafuta kioo. Nikajua na yeye limemgusa. Mwisho akakunja kitambaa, akakiweka chini ya kiti, akasema:

"Bahati yako mama hakujua ni wewe. Sisi tunaokujua tusingekuachia hata misumari."